Epo za Dodoma: mti unaomba usingizi

Mbukwenyi wasomaji wangu. Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu kuhusu miti yetu ya epo kule Mpunguzi, nikasema mwezi wa kumi tulivuna na tukauza zote bila tone la dawa ya dukani, basi meseji zikamiminika mpaka simu ikawa inazima chaji kabla ya saa sita. Wengi mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, kwahiyo nimechagua maswali sita, na lile la kwanza ntalijibu kwa urefu maana hilo ndio shina, mengine yote ni matawi.

Mama Shamba shikamoo. Mi niko Veyula. Miaka mitatu iliyopita nilinunua miche 40 ya epo, nikaambiwa ni ile aina ya Anna, mwaka wa pili tu unavuna. Namwagilia kila baada ya siku mbili mwaka mzima, samadi naweka, miti imenipita kichwa na majani yamejaa vizuri tu, ila tunda hata la kuonja hamna. Majirani zangu wa zabibu wananicheka. Ning'oe?
Kijana wa Veyula

Marahaba mwanangu. Panga weka chini kwanza.

Anza kwa kuinama. Futa udongo pale shina linapotokea, angalia kuanzia chini mpaka kama sentimita 20 hivi, kuna mahali shina limevimba au limepinda kama goti? Kama lipo, huo ni mche wa kubebeshwa, yaani kijitawi cha mti mzuri kimeunganishwa juu ya mizizi ya mti mwingine. Kama shina limenyooka laini toka chini mpaka juu, basi uliuziwa mche wa mbegu, na epo ya mbegu haimfuati mama yake, unaweza ukaingoja miaka sita mpaka nane alafu ikakuzalia kitunda kichachu ambacho hata mbuzi anakisusa. Mi mwenyewe yalinikuta. Miche yangu 25 ya kwanza niliinunua kwa muuza miche mmoja barabarani, akaniapia kabisa kwamba imebebeshwa, na nikamwamini kwasababu alikuwa na maneno mazuri. Nilipogundua nililia, sikufichi, ile hela ilikuwa ya ng'ombe. Lakini hatukung'oa. Tulisubiri mvua zikaanza, tukakata yale mashina, tukabebesha vijitawi vya Anna na vya aina nyingine inaitwa Dorsett Golden juu yake, na miti 14 iliyoshika ndio ninayovuna mpaka leo. Kwahiyo hata kama uliuziwa mbegu, mizizi unayo, na mizizi ya miaka mitatu kwenye udongo wa Dodoma ni mali.

Haya, sasa tuseme ni Anna kweli. Kwanini haizai?

Epo kwao ni milimani huko Asia ya Kati, upande wa Kazakhstan, ambako kuna majira ya baridi kali. Baridi ikiingia mti unapukutisha majani, unalala, na ndani yake ni kama unahesabu masaa ya baridi ya chini ya nyuzi 7, hesabu ikitimia ndio macho, yale machipukizi madogo kwenye tawi, yanafumbuka na maua yanatoka. Zile aina kubwakubwa za Ulaya nyingi zinataka masaa 800 mpaka 1,000 na kuendelea. Anna, ambayo ilizalishwa Israeli, inataka kama 200 au 300 hivi, na Dorsett Golden iliyopatikana visiwa vya Bahama inataka hata chini ya hapo. Ndio maana wanatuuzia hizo mbili. Ila jiulize, hapa Dodoma mjini tuko mita 1,100 na kidogo, mwezi wa sita na wa saba alfajiri tunajifunika mablanketi na kulalamika, lakini kipimajoto kinasoma 13 au 14. Chini ya saba hatufiki. Sasa mti wako huo, unaupa maji mwaka mzima, samadi mwaka mzima, jua mwaka mzima, hakuna siku umeuambia pumzika. Ni kama mtoto unayemwekea taa inawaka usiku kucha alafu asubuhi unashangaa hana nguvu ya kwenda shule.

Dawa yake ni kuulaza mwenyewe, kwa mikono yako. Hii sio akili yangu, kule Batu, Java Mashariki, Indonesia, nchi ya joto kabisa kusini kidogo tu ya ikweta, wakulima wanavuna epo mara mbili kwa mwaka bila baridi yoyote ya maana. Wakishavuna hawasubiri, wananyofoa majani yote ya mti, jani kwa jani. Jani ndilo linalolizuia jicho lisichipue, ukiliondoa kabla jicho halijazama kwenye usingizi mzito, linaamka lenyewe na ua ndani yake. Ni lepe fupi badala ya kulala usiku mzima. Na hao majirani wanaokucheka wanafanya jambo la ukoo huohuo kila mwaka! Mzabibu Ulaya unavunwa mara moja, hapa kwetu tunaupogoa tunavuna mwezi wa pili au wa tatu alafu tena wa nane au wa tisa. Nenda kawaombe wakufundishe mkono wa kushika mkasi, utashangaa watakavyokupenda.

Mimi nafanyaje. Mwanzoni mwa mwezi wa tano mvua zikishakata nafunga maji, sifungi kabisa mpaka mti unyauke, nausogeza tu mpaka majani yaanze kuchoka na kupoteza ule mng'aro, wiki tatu au nne inategemea udongo wako unashikaje maji. Alafu mwishoni mwa mwezi tunaingia na watoto na mama mkwe wangu na kibao chake cha kukalia. Jani usilivute kurudi chini, ukilivuta hivyo linaondoka na ngozi na jicho lake, na hilo jicho ndio ua lako la mwaka mzima. Shika kikonyo cha jani kwa kidole gumba na cha shahada, lisukume kuelekea ncha ya tawi, linakatika tap, safi, na pale chini unaliona jicho limebaki limekaa kama punje ya uwele yenye manyoya ya kijivu. Mti mmoja wa miaka mitatu ni kazi ya nusu saa au zaidi. Mikono inanuka majani mabichi mpaka unaenda kula. Siku hiyohiyo ukimaliza mti unafungulia maji mengi, yazame kabisa, na samadi iliyooza, na ndani ya wiki mbili au tatu yale macho yanavimba na kuonyesha upinki kwa ndani. Mara ya kwanza kuona vile nilimwita mume wangu akaja mbio akidhani nimeng'atwa na nyoka.

Mambo mengine mawili ambayo ukiyaacha kazi yote hiyo ni bure. Moja, miti yako imekupita kichwa, maana yake matawi yote yamesimama wima kama fito. Tawi la wima linatoa majani, tawi la kulala linatoa maua. Chukua kamba za katani, funga jiwe au piga vigingi chini, uyavute matawi yakae karibu na usawa wa ardhi, na uyafanye hayo mapema wakati wa mvua yakiwa bado laini maana ua linajitengeneza ndani ya jicho miezi kadhaa kabla hujaliona. Kwahiyo usitegemee mwaka huuhuu, lainisha moyo. Mbili, Anna peke yake haijichavushi vizuri, inataka mwenzake anayechanua wakati mmoja, na Dorsett Golden ndio mwenza wake wa siku zote. Kwenye miti 40 weka hata mitano, uitawanye isikae kona moja. Na mizinga, jamani sisi wa kanda ya kati asali ndio jina letu, mzinga mmoja pembeni ya shamba haugharimu kitu.

Anti, miti yangu ipo Chamwino, ina mwaka mmoja na nusu. Majani yanaungua kingo kama yamepitishwa motoni alafu yanajikunja. Nimeongeza maji, nimeongeza samadi, ndio kwanza inazidi.
Mama wa Chamwino

Mama, onja maji ya kisima chako. Sina haja ya kuzunguka, visima vingi vya huku kwetu maji yake yana chumvi, chai yenyewe unaijua ukinywa, na epo haivumilii chumvi hata kidogo, mzabibu una nafuu kuliko epo. Angalia kwenye matone yanapodondokea, kama udongo ukikauka unaacha ukoko mweupe basi ndio huo. Ukizidisha samadi mbichi unaongeza chumvi juu ya chumvi, ndio maana inazidi. Acha samadi kwa sasa. Ukimwagilia usimwagilie kidogokidogo kila siku, mwagilia mara moja kwa nguvu mpaka maji yashuke chini ya mizizi yaondoke na ile chumvi, alafu tandaza majani makavu au mabua ya uwele unene wa kiganja ila yasiguse shina, mchwa wa Dodoma unawajua, wakipata mabua yamegusa shina wanalimaliza gome wiki moja. Peleka maji na udongo maabara, chuo kikuu cha kilimo SUA pale Morogoro wanapima. Na kama una bati, vuna maji ya mvua. Simtanki la lita 5,000 ukilijaza mwezi wa tatu linakusogeza mbali kwa miti 20 michanga.

Mama Shamba, mimi ni mjane, niko Kondoa juu huku, marehemu aliniachia miti 60 ya epo na watoto. Wateja wangu wananunua kwasababu nawaambia hazina dawa. Juzi nimegundua kijana wangu mkubwa anapiga dawa ya wadudu usiku nikiwa nimelala, anasema mama bila hivyo funza watatumaliza. Wateja hawajui. Sasa nifanyeje na mwanangu, na niwaambie nini watu?
Mama wa Kondoa

Pole sana mama mwenzangu, na pole kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara nne.

Kuhusu wateja jibu ni moja na ni gumu, waambie. Msimu huu hizo sio epo za kilimo hai, ziuze kama epo za kawaida, bei ya kawaida, na kabla ya kuuza hata moja chukua chupa ya ile dawa usome ni siku ngapi zinatakiwa zipite toka kupiga mpaka kuvuna, na zipite kweli. Kwenye orodha yako ya wateja hakosi mama anayesaga epo hizo kwa mtoto wa miezi minane. Huyo hakulipi kwa utamu tu, anakulipa kwa neno lako. Utapoteza wachache msimu huu. Wale watakaobaki watakuwa wako mpaka wajukuu.

Kuhusu kijana, usimfokee. Ameona matunda ya baba yake yanaoza na ameogopa, huyo ni mtoto anayejali. Kosa lake ni kuficha, na pengine anaficha kwasababu hajapewa nafasi ya kusema. Kaa naye, mwambie kuanzia leo wadudu ni kazi yake lakini kwa njia hii nyingine, na mwambie mbele ya wadogo zake ili heshima iwepo.

Njia yenyewe ni hii. Huyo funza ni mtoto wa nzi wa matunda, na yule mbaya kupita wote aliingia Afrika Mashariki akaonekana mara ya kwanza mwaka 2003, ametokea Asia. Anatoboa ganda, anataga ndani, funza wanakula, tunda linadondoka, funza wanaingia ardhini wanageuka nzi wapya. Kwahiyo kila tunda lililodondoka ukaliacha chini mpaka kesho umefuga nzi. Okoteni asubuhi na jioni, watoto wadogo wanaiweza hii, mtie kwenye mfuko mweusi wa nailoni mfunge mdomo muweke juani siku kadhaa, joto linawaua wote, baada ya hapo ndio mfukie. Alafu tunda likifika ukubwa wa ndimu ndogo livalisheni mfuko wa khaki au hata gazeti lililokunjwa na kubanwa kwa uzi, moja moja. Miti 60 ni mingi, najua, ndio maana nasema ni kazi ya kijana mwenye nguvu na sio ya mama. Mwarobaini unasaidia kwa vidukari na wadudu laini, tumieni mbegu zilizopondwa na kulowekwa usiku kucha maana mbegu zina nguvu kuliko majani, chujeni, tieni sabuni ya kipande kidogo, mpige jioni kwasababu jua linaua nguvu yake. Ila msidanganyane, funza akishakuwa ndani ya tunda mwarobaini haumfikii.

Na mkishasimama vizuri, tafuteni wenzenu mfanye kikundi. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha kilimo hai toka 2007 na alama yake ya Kilimohai, na kuna utaratibu wa wakulima wadogo kukaguana wenyewe kwa wenyewe bila kulipa makampuni makubwa, waulizeni TOAM, shirika la kilimo hai Tanzania, ndio wanaoushughulikia. Mkishaingia humo hakuna mtu atapiga kitu usiku, maana jirani anakuja kuangalia ghala lako na wewe unaenda kuangalia la kwake.

Epo zangu ni ndogo na hazina wekundu, za njano na kijani. Nimepeleka Majengo sokoni wakaniambia mbichi hizi dada, wananilinganisha na zile za Sauzi zinazong'aa. Nimeuza kwa hasara.
Dada wa Nkuhungu

Wekundu unaletwa na usiku wa baridi, na zetu zinaiva mwezi wa kumi wakati hata usiku feni inazunguka, kwahiyo wekundu wa Sauzi usahau. Rangi usiipiganie. Udogo ndio unaweza kuurekebisha, kila kishada kinatoa vitunda vitano au sita, ukiviacha vyote vinagawana chakula vinabaki vidogo, acha kimoja, viwili mwisho, vingine nyofoa vikiwa kama gololi. Inauma mwaka wa kwanza. Mi nilikuwa nafumba jicho.

Sasa soko. Majengo sio mahali pako, na sio kosa la wale kina mama, wao wanauza kwa macho, mteja anapita anachagua inayong'aa. Wewe uza kwa mdomo, yaani tunda lionjwe. Beba kisu na sahani nyeupe, kata vipande. Mimi soko langu ni watu wa maofisini kule Mtumba Mji wa Serikali na walimu wa UDOM, naweka picha wasap stetasi jumapili jioni, oda zinaingia usiku, alfajiri ya jumanne tunachuma, saa nne bodaboda ameshafika. Tunda la asubuhi ileile. Zile za nje zimechumwa miezi mingi nyuma zikakaa kwenye vyumba vya baridi, na hilo ndio jambo pekee unalotakiwa kulisema. Usiseme zina sumu, usiseme ile nta inaleta kansa, nimesikia wauzaji wenzetu wanasema hivyo na inanikera, nta ile inaruhusiwa kuliwa na epo yenyewe ina nta yake ya asili, hata yako ukiifuta kwenye kitenge inang'aa. Ukianza kuuza kwa kutisha watu kesho na wewe watakuuliza maswali.

Pima kwa kilo, usihesabu moja moja, kwenye moja moja udogo unakuumiza. Na unakumbuka mwaka 2025 mwezi wa nne serikali ilipozuia mazao ya Sauzi na Malawi? Zilikuwa siku chache tu kisha zuio likaondolewa, lakini nilipigiwa simu na watu ambao sijawahi kuwaona, wanauliza epo zipo? Sikuwa nazo, haukuwa msimu. Ndipo nikaanza kuandika namba za watu kwenye daftari, na leo hao ndio wateja wangu wa kwanza msimu ukifika. Andika namba.

Mama, sina friji. Zikishachumwa zinakaa siku ngapi?
Msomaji, Mvumi

Anna ni tunda laini, kwenye joto letu wiki moja imeshaanza kuwa ya unga mdomoni. Chukua chungu kikubwa, weka ndani yake chungu kidogo, katikati jaza mchanga, mchanga uloweshe asubuhi na jioni, funika kwa gunia bichi, weka kivulini penye upepo. Upepo mkavu wa Dodoma unaotuchania midomo mwezi wa kumi ndio unaofanya chungu hicho kipoe vizuri kuliko ambavyo kingepoa Dar au Tanga. Usiziweke pamoja na mboga za majani, epo inatoa hewa inayofanya mboga zigeuke njano. Ila ukiwa na ndizi mbichi unataka ziive haraka, hapo ziweke pamoja. Zilizogongwa tengeneza jemu wiki hiyohiyo, na kama unataka kuipeleka dukani pita kwanza SIDO, wale wa viwanda vidogo, wakuelekeze mambo ya TBS, wale wa viwango.

Shikamoo mama. Nimestaafu, nina ekari tano za zabibu Hombolo na kiinua mgongo kidogo. Nataka kung'oa zabibu zote nipande epo ekari zote tano. Nipande mwezi gani?
Mzee wa Hombolo

Shikamoo wewe mzee wangu, umenizidi umri. Nakuomba kwa heshima zote usiguse zabibu. Ekari moja kwa nafasi ya mita nne kwa nne inaingia miti 250, tano ni miti 1,250, na kila mti una majani yake ya kunyofolewa kwa mkono, jani kwa jani, kama nilivyomwambia kijana wa Veyula hapo juu. Nani atanyofoa? Panda 20 karibu na nyumba, karibu na maji, pale unapoiona ukikaa barazani. Misimu miwili utajua kama kisima chako kinaipenda.

Mwezi ni wa kumi na mbili mvua zikishashika, lakini kazi inaanza wa kumi. Chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu weka kushoto na wa chini kulia, changanya wa juu na debe moja na nusu la samadi ya mwaka jana, sio ya jana, rudisha shimoni mapema uache jua na mvua za kwanza zipite juu yake. Mche ukifika, lile goti la kubebeshea libaki juu ya udongo kiganja kizima. Na pembeni ya kila mche choma kijiti upande wa mashariki, kwasababu upepo wetu wa kiangazi unatokea huko na mche mchanga unalala kuelekea magharibi usipoufunga.